Kahawa "Freshi": Tazama Siku Iliyokaangwa

Neno "freshi" kwenye pakiti ya kahawa halithibitishi kitu iwapo tarehe ya kukaangwa haikuandikwa. Buni mbichi ikiwekwa pakavu hukaa miezi kadhaa. Ikishakaangwa, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na kupoteza harufu. Utamu wake ni wa wiki chache tu. Ikishasagwa, ni siku chache.

Tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo aghalabu ni mwaka mzima au zaidi tangu kupakiwa, haisemi buni ilikaangwa lini. Kitundu cha pakiti hutoa gesi na kuzuia hewa isiingie. Si ushahidi wa upya. Mafuta yanayong'aa juu ya buni nayo hutokana na kukaangwa sana, au kukaa sana.

Ukitaka kujua, saga kidogo, kisha mimina maji ya moto. Buni mpya huumuka na kutoa povu. Iliyochakaa hutulia tuli.

Mpishi wa kahawa tungu anunue buni nzima, kidogo kidogo, asage siku ya kupika. Tangawizi kwenye dele huficha uchakavu, lakini harufu iliyopotea hairudishi.