Kuusaka Mpaka wa Kambi ya Keya

Kibera, jijini Nairobi, haina geti wala kiingilio. Viatu imara, nauli ya matatu na pesa ya chai vinatosha kumtembeza mtu katika historia ya zaidi ya karne moja. Nilifuata kitu kimoja tu: mpaka uliotenga ekari 4,197 za askari wa Keya (jeshi la kikoloni la King's African Rifles) na mashamba ya Wakikuyu upande wa Dagoretti. Serikali ya kikoloni ililitangaza eneo hilo rasmi mwaka 1918. Mstari wake ulipita wapi?

Nilianzia Makina, karibu na msikiti, kwenye kitovu cha masimulizi ya Wanubi. Wengi husema babu zao walipewa ardhi hii mwaka 1904, kama shukrani kwa utumishi wao. Wengine hutaja 1912. Babu hao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Misri. Vita vya Mahdi viliwakatia njia ya kurudi Khartoum, na mwaka 1891 Waingereza wakawaandikisha kwa kazi ya Uganda. Keya yenyewe iliundwa 1902, hivyo 1904 inawezekana kabisa. Tangazo la 1918 linathibitisha kwamba eneo lilitengwa, lakini halisemi nani alikuwa amekwisha kujenga. Walipewa ardhi, au ruhusa ya kukaa?

Kumbukumbu za zamani zinataja pasi ya shamba. Askari aliyeshika pasi hiyo aliruhusiwa kujenga na kulima, bila hati ya kumiliki. Tume ya ardhi iliyokaa kati ya 1932 na 1934 iliona kwamba Wanubi hawakuwa na haki ya umiliki, kisha ikaongeza kuwa wasihamishwe bila kupewa ardhi nyingine inayofaa na fidia ya usumbufu. Nyongeza hiyo ndiyo inayonikera. Kama mtu hana haki yoyote, fidia ni ya nini?

Nilijaribu reli, nikidhani pengine ndiyo iliyokuwa mpaka. Haikunifikisha popote. Inapasua makazi katikati, na nyumba zimeibana pande zote mbili. Wauza mitumba na viazi wamepanga bidhaa hatua chache tu kutoka kwenye vyuma. Treni ikipiga honi, wanavuta turubai, inapita, wanatandika upya. Bikoni ya mpaka sikuiona. Kitu cha zamani nilichokiona kilikuwa Makina: nyumba pana ya udongo, mabati yameshika kutu, barazani tabaga, yaani kawa la kusukwa, la rangi nyekundu na kijani likifunika chakula. Mwenye nyumba kama hiyo alikuwa na majirani wangapi kabla ya mabati ya kupangisha kumzunguka?

Nikapanda kupitia Soko la Toi hadi Ngong Road. Njiani ramani ya kale inajitokeza kwa majina ya mitaa ya kisasa: Ayany, Olympic, Fort Jesus, Jamhuri. Yote imesimama kwenye ardhi iliyokuwa ya kambi. Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288, chini ya asilimia 7 ya zile za 1918. Hatua kubwa, nakiri, maana vizazi kadhaa vilizaliwa na kuzikwa bila karatasi yoyote. Lakini hizo nyingine zilitoka mikononi mwao kwa utaratibu gani?

Kutoka Dagoretti Corner nilishika Naivasha Road hadi Kawangware. Kwa macho, tofauti na Kibera ni ndogo: ploti za mabati, vyumba vinavyotazamana, ujia mwembamba, mfereji mmoja. Tofauti imefungiwa kabatini. Sehemu kubwa ya Kawangware ni ardhi ya watu binafsi wenye hati, mashamba ya familia za Kikuyu yaliyoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Mpangaji wa huku na wa kule wanalala chini ya mabati yale yale. Kwa nini mpaka wa kijeshi usioonekana bado unaamua mwenye nyumba yupi awe na hati?

Hapo Kawangware hadithi ya shukrani kwa askari inapata mpinzani. Wamasai walilisha ng'ombe katika nyanda hizi kabla ya reli, na mbari za Wakikuyu wa Kiambu, ambayo Dagoretti ilikuwa sehemu yake, zilifika mbele ya tume ile ile ya 1932 kudai ardhi zilizopoteza. Madai ya Wanubi hayafutwi na hayo. Wao walilipia kwa vita. Lakini mtoaji wa ile zawadi alikuwa ameipata kutoka kwa nani?