Tawakali katika majina ya kanga

Tawakali (kutoka Kiarabu *tawakkul*) ni kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa kuzijua sifa zake, hata pale mja asipojua kesho itamletea nini. Katika Biashara Street, mtaa wa kanga na vikoi kisiwani Mombasa, imani hii huvaliwa mwilini. Mtaani humo limo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo kanga zake hutambulika kwa maandishi "Mali ya Abdulla".

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ndilo ujumbe. Zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Baadhi ya majina hubeba misemo ya tawakali, kama "Mola hamtupi mja wake". Msemo huu hauahidi tukio lolote. Humweleza Yule anayetegemewa, na ndiyo faraja yake kwa mwenye kuuguza au mwenye msafiri baharini.

Tawakali si uvivu. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi humwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu.