Mabondia wa Nakuru

Msomaji, Bonde la Ufa likitajwa, bila shaka wawakumbuka wakimbiaji. Lakini mjini Nakuru vijana walipenda pia ngumi, mchezo usiotaka mali nyingi: ukumbi, glavu na mwalimu hodari vyatosha. Humo ndimo alimotoka Philip Waruinge. Mwaka 1966 alitwaa nishani ya dhahabu mjini Kingston, Jamaika, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika Olimpiki ya 1968, kule Mexico, alipata shaba tu; hata hivyo ndiye aliyetunukiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia stadi kuliko wote. Mwaka 1972, Munich, alishindwa fainali kwa pointi, akapata fedha. Basi zingatia: nishani hutolewa na waamuzi, bali ustadi hupatikana kwa mazoezi.