Nafasi ya urafiki katika riwaya za vijana

URAFIKI ni maudhui ambayo wanafunzi wengi wa Kisii na Nyamira huyapitia haraka wanapojiandaa kwa mtihani wa Fasihi. Huyaorodhesha baada ya ufisadi, ukabila na mapenzi, kisha wakafunga daftari. Ilhali katika riwaya wanazozisoma, mara nyingi ni urafiki unaompa mhusika ujasiri wa kutamka yaliyomsibu.

Hebu tuitazame Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka wa 2018. Umulkheri, au Umu, anafika katika Shule ya Tangamano akiwa amefiwa na babake, ameachwa na mamake na kutenganishwa na nduguze, Dick na Mwaliko. Mwili uko darasani, mawazo yako kwingine. Kinachomliwaza ni masimulizi ya wenzake. Zohali anaeleza jinsi alivyopata mimba akiwa mwanafunzi na kuishia mitaani. Mwanaheri anasimulia mateso ya mamake, aliyebaguliwa na wakwe kwa kuwa wa kabila tofauti. Chandachema anakumbuka maisha yake katika mashamba ya chai. Hakuna anayemhubiria mwenzake. Kila mmoja anaweka mzigo wake mbele ya wengine, na Umu anatambua kuwa hayuko peke yake.

Msomaji wa Kebirigo au Nyansiongo hahitaji kuelezwa shamba la majani chai ni nini. Wala kisa cha Mwanaheri si kigeni Borabu, eneo la Nyamira linalopakana na Sotik. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Abagusii na Wakipsigis waliokuwa majirani wa miaka mingi walishambuliana, nyumba zikateketezwa, watu wakahama. Kijana wa huko anapomsoma Mwanaheri anasoma habari za kwao, na swali la iwapo anaweza kuwa na rafiki, omosani kwa Ekegusii, ng'ambo ya mpaka si la mtihani tu.

Marehemu Ken Walibora aliliendea jambo hili kwa njia nyingine katika Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017. Amani na Imani wanakutana wakiwa wameonewa, wakawa wasafiri wa njia moja hadi Sokomoko. Ila anayenivutia zaidi ni Madhubuti. Huyu ni mwana wa Mtemi Nasaba Bora, naye anamchagua Amani, mchungaji wa ng'ombe wa babake, kuwa rafiki. Urafiki huo unamgharimu, kwa sababu unamlazimu kusimama kinyume na mzazi wake.

Kuna pia riwaya inayoonyesha pengo la urafiki. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anafungiwa nyumbani na babake, Maksuudi. Hana mwenzake wa rika wa kumnong'onezea siri wala wa kumuonya. Mlango unapofunguka, anatoka asijue amwamini nani, na wenye hila wanamfikia kwanza.

Mwalimu anayefundisha riwaya hizi Mosocho au Sironga anaweza kuliuliza darasa swali lisilo katika miongozo: Maimuna angekuwa na Zohali au Mwanaheri wake, angemwambia nini usiku ule kabla hajaondoka?