Tarehe ya Sahani ya Mgeni

Nyumbani kwetu Ifakara sahani ya udongo ilikuwa ya mgeni. Sisi watoto tulikula kwenye za bati. Ile ya mgeni ilikuwa nyeupe, imechorwa miti na nyumba za Kichina kwa buluu, na mgongoni ina chapa ya Kiingereza. Mchoro wa Mchina, chapa ya Mwingereza: jambo hilo lina tarehe yake.

Pwani ilitangulia. Karne nyingi kabla Uingereza haijawa na kiwanda, vyombo vya China vilikuwa vikishushwa Kilwa, na baadaye watu wa Kunduchi wakavipachika kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa wao. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipita pwani hiyo akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina. Jina letu lenyewe la vyombo hivyo, kauri, ni la simbi ya baharini. Waitalia nao waliviita kwa jina la simbi hiyohiyo.

Waingereza walivitamani vyombo hivyo, lakini siri ya kuvitengeneza hawakuwa nayo. Meissen, Ujerumani, waliipata, wakafungua kiwanda 1710. Mwaka 1744 Edward Heylyn na Thomas Frye wa Bow, mashariki ya London, walipewa hataza yao. Baadaye mafundi wa Bow walichanganya udongo na majivu ya mifupa, kiwanda wakakiita New Canton, yaani Kantoni Mpya, kwa jina la bandari ya China. Vipo vidau vya wino vya 1750 vyenye jina hilo. Worcester ikafuata 1751. Buluu yao ilitoka kwenye kobalti, madini yanayostahimili moto mkali. Ilichorwa kwanza, kisha chombo kikavikwa utando wa kioo, ndiyo maana miaka mia mbili ya kuoshwa haiifuti. Sioni aibu katika kuiga kule. Walimkubali mwalimu wao hata kwa jina.

Kwetu Ifakara, bondeni, Mchina alikuja mwenyewe. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa 1970 hadi 1975 ikapita Ifakara na Mlimba. China ilitoa mkopo usio na riba, na gharama za huku zililipwa kwa fedha za bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani.

Wanaoyakumbuka maduka hayo wanazeeka. Ndugu msomaji, kama kabatini kwa bibi ipo sahani ya buluu, igeuze usome mgongo wake, umuulize ilinunuliwa wapi na mwaka gani, uandike. Na ikivunjika, kigae usikitupe.