Deni la Fundi Hukaa Ukutani

Peleka saa yako kwa fundi, kisha urudi jioni mikono mitupu. Fundi ataifungia saa ndani ya kisanduku chake na kukuambia uje ukiwa na fedha. Wala hajavunja sheria. Sheria yetu ya mikataba, tuliyoirithi kutoka India kwa njia ya Mwingereza, inamruhusu kukishikilia kitu alichokabidhiwa akitengeneze mpaka alipwe ujira wake. Fundi cherehani naye ni hivyo hivyo.

Je, mwashi? Ataifungia nyumba katika kisanduku gani?

Baba yangu mdogo alikuwa mwashi hapa Dar es Salaam. Nilipokuwa darasa la tano, alimjengea mtu mmoja nyumba ya vyumba vinne, kutoka msingi hadi lenta. Malipo ya mwisho yakapigwa kalenda mwezi hadi mwezi, mpaka siku aliyokwenda akakuta nyumba imekwisha kuuzwa. Mwenye nyumba mpya akamjibu kwa adabu kabisa, "Fundi, mimi sikukuajiri." Miaka yote iliyofuata, tukipita mtaa ule, baba mdogo aliitazama nyumba ile kama mtu anayemtazama mdaiwa wake.

Shida hiyo ni ya zamani. Sheria ya kale ya Uingereza ilisema kilichojengwa juu ya ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Tofali likiwa kwenye toroli ni la fundi. Likishashikwa na udongo ukutani, si lake tena. Alilobaki nalo ni kumshitaki aliyemwajiri, na kama huyo amefilisika au ametoroka, basi.

Mabadiliko yalianzia Marekani, na hayakuletwa na huruma. Yaliletwa na shida. Mwaka 1790 Bunge la nchi hiyo liliamua kujenga mji mkuu mpya kando ya mto Potomac, na serikali ihamie huko mwaka 1800. Mahali penyewe palikuwa mashamba na vichaka. Serikali changa haikuwa na fedha. Ilitegemea kuuza viwanja ili ipate za kujengea. Mnada wa kwanza ulifanyika Oktoba 1791, Rais George Washington mwenyewe akihudhuria, na viwanja vilivyonunuliwa vilikuwa vichache. Nani angejenga mahali kama pale kwa mkopo, bila kujua atalipwa na nani?

Mwezi mmoja kabla ya mnada huo, tarehe 8 Septemba, Thomas Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na James Madison, aliyekuwa mbunge, walikutana mjini Georgetown na makamishna watatu wa mji huo. Miongoni mwa mambo waliyozungumza ni dhamana kwa wale watakaotanguliza fedha zao katika majengo. Ardhi yenyewe ilikuwa bado chini ya sheria za jimbo la Maryland, na tarehe 19 Desemba 1791 jimbo hilo likapitisha sheria. Mjenzi aliyejenga nyumba ndani ya mji mpya alipewa haki juu ya nyumba na kiwanja chake, kwa kazi na kwa vifaa alivyotoa.

Maana yake ni kwamba nyumba iliwekwa rehani kwa jasho la fundi. Deni halikumfuata mtu tena, lilikaa ukutani. Nyumba ikiuzwa, deni linakwenda nayo. Lisipolipwa, fundi anaiomba mahakama iipige mnada nyumba hiyo ili naye apate chake.

Lakini kulikuwa na masharti. Mkataba uwe wa maandishi. Uthibitishwe mbele ya ofisa, kisha usajiliwe ndani ya miezi sita. Na fundi aende mahakamani ndani ya miaka miwili tangu kazi ilipomalizika. Aliyechelewa alipoteza.

Wengine hawakuingia kabisa. Makamishna walikodi watumwa kutoka kwa mabwana zao ili wachimbe mawe, wapasue mbao na wafyatue matofali. Ujira wao ulikwenda kwa bwana. Sheria iliyolinda jasho haikuuliza jasho la nani.

Hata hivyo wazo lenyewe lilisambaa. Pennsylvania ilifuata mwaka 1803, na majimbo mengine moja baada ya jingine. California iliiweka haki hiyo ndani ya katiba yake ya mwaka 1879. Ontario, huko Kanada, ilitunga ya kwake mwaka 1873. Ufaransa nayo, kwa njia yake, iliwapa waashi na wakandarasi upendeleo wa namna hiyo mwaka 1804. Likabaki swali la majengo ya serikali, maana huwezi kuipiga mnada ofisi ya posta. Bunge la Marekani likajibu kwa sheria za mwaka 1894 na 1935: mkandarasi anayejenga kwa fedha za umma aweke kwanza dhamana ya kuwalipa mafundi na wauza vifaa.

Uingereza haikuifuata njia hiyo. Ilisubiri hadi mwaka 1996 kuwapa wajenzi haki ya kulipwa kwa awamu na kusimamisha kazi wasipolipwa.

Nimejiuliza mara nyingi: kama baba mdogo angejenga Washington, angelipwa? Nyumba kuuzwa kusingemdhuru. Miaka miwili ilimtosha. Lakini ofisa angemwomba karatasi, na baba mdogo hakuwa na karatasi. Alikuwa na neno la mtu, lililotolewa chini ya mwembe, mbele ya ndoo ya saruji. Hata huko angerudi mikono mitupu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini dawa hiyo iko mikononi mwa mdaiwa. Iliyo mikononi mwako wewe fundi ni kalamu. Kabla hujachimba msingi, andikeni: kazi gani, bei gani, italipwa lini, na shahidi nani. Sheria za kukulinda zinaweza kuja kesho au zisije, lakini zikija zitakuuliza kwanza karatasi.