Nani Apigiwe Ngoma? Historia Fupi ya Muziki wa Arusi

Msomaji mpenzi, katika shughuli zote za arusi hakuna iliyo nyepesi machoni pa watu kama kuchagua muziki. Mahari ina wazee wake, chakula kina wapishi wake, na mavazi yana mafundi wake, lakini muziki mara nyingi huachiwa kijana mmoja wa kamati, akaambiwa, "Wewe tutafutie wapigaji." Naye huuliza ni nyimbo zipi zinazovuma msimu huo, na kazi yake imekwisha. Huenda siku moja kijana huyo utakuwa wewe. Kwa hiyo nataka ujue kwamba uhuru huo aliopewa si wa tangu na tangu. Kwa muda mrefu swali lililoulizwa katika pwani yetu halikuwa "Tupige nini?" bali "Nani ana ruhusa ya kupigiwa?" Historia ya muziki wa arusi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya ruhusa hiyo.

Tuanzie katika visiwa vya Lamu na Pate. Huko palikuwa na siwa, yaani baragumu kubwa lipulizwalo kwa tundu lililo ubavuni. Mbili kati ya siwa hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu: moja ya shaba, iliyokuwa ya mji wa Lamu, na moja ya pembe za ndovu, iliyokuwa ya Pate, ambayo urefu wake wapita mita 2. Siwa haikuwa chombo cha kukodiwa na kila mwenye fedha. Ilikuwa amana ya mji, nayo ililia katika sherehe za watawala na za nyumba kubwa, arusi zikiwamo. Mtu aliyeisikia kwa mbali hakuhitaji kuuliza kama mwenye sherehe ni mtu wa nasaba; sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kumjibu.

Masimulizi ya kale ya Pate yanatuonyesha jinsi watu walivyoithamini sauti hiyo. Yanaeleza kwamba bibi mmoja wa ukoo wa kifalme, aliyeitwa Mwana Darini, aliomba siwa kwa sultani kwa ajili ya sherehe ya mwanawe, akanyimwa. Bibi yule hakuahirisha sherehe, wala hakukubali kuifanya kimya kimya. Alimwita fundi hodari, akamwagiza amchongee siwa yake mwenyewe ya pembe za ndovu. Fikiri, msomaji: palikuwa na ngoma na zumari tele mjini, na sherehe ingeweza kuchangamka bila ya siwa. Lakini Mwana Darini hakutafuta uchangamfu tu. Alitaka mji mzima usikie kwamba nyumba yake haijashuka.

Ukitaka kuona upande mchungu wa jambo hili, njoo Mombasa, uangalie vugo. Hii ni ngoma ya arusi ya wanawake. Hugonga pembe za nyati kwa vijiti, wakaimba na kuandamana, na nyimbo zao humsifu bibi arusi na jamaa zake. Hapo zamani vugo lilikuwa haki ya waungwana. Watumwa waliotaka kupiga vugo katika arusi zao iliwapasa kuomba idhini kwa waungwana kwanza. Mama aliyelea binti wa bwana wake, akamwimbia vugo siku ya kuolewa, hakuweza kumwimbia binti yake mwenyewe vivyo hivyo bila ya kuomba. Hakuzuiwa na sauti yake, maana sauti alikuwa nayo; wala hakuzuiwa na pembe, maana pembe zilikuwapo. Alizuiwa na nasaba.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kuondoa utumwa katika pwani ya Kenya. Sheria hiyo haikutaja ngoma, lakini iliubomoa msingi uliobeba katazo lile. Hata hivyo, usidhani kwamba mizani ya nasaba ilivunjika kwa siku moja. Ilichukua miaka, na wanawake wenyewe ndio waliofanya kazi kubwa ya kuivunja. Katika karne ya 20 wengi wao waliingia katika vyama vya lelemama, ngoma ichezwayo kwa mistari na kwa madaha ya mikono. Katika vyama hivyo wanawake wa asili mbalimbali walikutana na kusaidiana katika arusi. Lakini vyama vilishindana pia. Vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, hata fedha nyingi zikateketea ili chama kimoja kionekane bora kuliko kingine. Hili nalo ni funzo la historia: mlango wa nasaba ulipofunguka, watu wakaanza kujenga mlango wa fedha mahali pale pale.

Habari ya tarabu inafanana na hiyo. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko ili ajifunze. Kwa hiyo tarabu ilianza kama burudani ya jumba la kifalme, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Ndipo akatokea Siti binti Saad, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, mtoto wa wazazi maskini, ambaye aliuza vyungu kabla ya kuuza sauti yake. Siti aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Santuri zake zilienea Afrika Mashariki, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Muziki ulioanzia kwa sultani uliingia nyumbani mwa mvuvi na mchuuzi, na leo arusi nyingi za Mombasa, Lamu na Unguja hazitimii bila ya tarabu. Bibi arusi asiye na ukoo mkubwa huimbiwa kwa fahari ile ile anayoimbiwa binti wa tajiri.

Hayo ni ya pwani. Huku bara ruhusa haikutoka kwa waungwana. Mara nyingi ilitoka kanisani. Wamisionari wengi waliwataka waumini wao waache ngoma za jadi, na arusi ya Kikristo ikawa na kinanda na nyimbo za kigeni. Nyimbo mbili zimejulikana kuliko zote: ile inayopigwa bibi arusi anapoingia, na ile inayopigwa maarusi wanapotoka. Wengi hudhani kwamba ni nyimbo takatifu zilizotungwa kwa ajili ya ibada. Sivyo. Zote mbili zilitungwa kwa ajili ya jukwaa la maigizo.

Ile ya kutokea ni ya Felix Mendelssohn, Mjerumani, aliyeitunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo mmoja wa Shakespeare. Umaarufu wake ulikua sana tarehe 25 Januari, 1858, ilipopigwa mjini London katika arusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria. Baada ya hapo watu wa kawaida nao wakataka kutoka kanisani kama binti wa malkia. Ile ya kuingilia ni ya Richard Wagner, Mjerumani mwingine, nayo imo katika mchezo wa kuimbwa uitwao Lohengrin, ulioonyeshwa kwanza mwaka 1850. Katika mchezo huo wimbo huimbwa maarusi wakiwa wamekwisha kuoana, wanasindikizwa chumbani. Na usiku ule ule bibi arusi anauliza swali alilokatazwa, ndoa inavunjika, na kabla ya mchezo kwisha yeye mwenyewe anakufa. Wapo makasisi wasiopenda nyimbo hizi kanisani kwa sababu ya asili yake. Mimi sisemi kwamba ni mbaya, maana tuni zake ni nzuri. Nasema tu kwamba mtu anayeona ngoma ya babu yake haifai kwa heshima ya arusi, kisha akaingia kwa wimbo wa Lohengrin, yampasa kwanza ajue anaingia na nini.

Tena, makanisa yenyewe yamebadilika. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulielekeza kwamba muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada, na tangu hapo ngoma na kayamba zimesikika katika makanisa mengi ya Kenya. Ruhusa ilipatikana. Je, tuliitumia?

Tazama isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma zake hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikifuatwa na pembe na njuga. Na hupigwa katika uzazi, jando, arusi na hata matanga. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Hakuna sheria iliyoikataza. Watunzi wake wengi ni wazee, vijana wa kuwarithi ni wachache, na watu wengi hupendelea burudani ya biashara. Hapo ndipo ninapotaka utulie ufikiri. Vugo lilinyimwa watu, nao wakalitamani. Isukuti imeruhusiwa kwa wote, nayo inaachwa. Ngoma huweza kufa kwa kutoitwa kuliko kwa kukatazwa, kwa maana mpigaji asiyealikwa hana sababu ya kumfundisha mwanawe.

Basi utakapopewa kazi ile ya kamati, usiione ndogo. Kumbuka kwanza kwamba ibada na karamu ni vitu viwili. Katika ibada, maneno ya wimbo ndiyo yanayotangulia, kwa hiyo yasome yote mpaka mwisho, wala usidanganywe na utamu wa tuni. Katika karamu, wageni wa rika zote wanataka nafasi. Nyanya wa bibi arusi asikae kitako tangu mchana hata usiku akingojea wimbo mmoja anaoufahamu. Pili, nenda kwa wazee wa pande zote mbili, uwaulize nyumba zao huimba nini siku kama hii, na nani angali anajua kuupiga. Tatu, pima mfuko. Vipaza sauti vya kukodi kwa mkopo havimpi bwana arusi heshima ambayo siwa ilimpa mtu wa Pate; humpa deni.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Waalike wapigaji wa kwenu pamoja na hao wa kisasa, uwalipe haki yao, na uwape saa nzuri, wala usiwaweke mwishoni watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Palikuwa na mama katika mji wa Mombasa aliyejua vugo lote kwa moyo, na siku ya arusi ya binti yake akasimama mlangoni pa mwungwana kuomba ruhusa. Wewe huna mlango wa kusimama. Chagua.